Mwinamo na Kikato: Maneno Mawili Yanayowasubiri Washairi

Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, mzaliwa wa Ihanja katika Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, alinitembelea wakati wa likizo akiwa na daftari lake la hisabati mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya habari za nyumbani, za mvua na za alizeti, alinifungulia ukurasa uliojaa wino mwekundu. Alikuwa amepewa mlinganyo wa mstari mnyoofu, 2x + 3y = 12, akatakiwa atafute vitu viwili ambavyo kwa Kiingereza cha darasani huviita slopu na intasepti. Alijibu kwamba slopu ni 2 na intasepti ni 12. Majibu yote mawili yalikuwa yamekatwa.

Nikamwuliza, “Slopu ni nini, mwanangu?”

Akajibu bila kusita, “Ni m, mjomba.”

“Na intasepti?”

“Ni c.”

Sikucheka, wala sikumlaumu. Mtoto alikuwa amehifadhi kanuni y = mx + c kama mtu anavyohifadhi dua ya lugha asiyoielewa. Aliijua sauti yake, aliijua mahali pake, na aliamini kwamba ina nguvu. Alijua kuwa m hukaa mbele ya x, basi alipoiona 2 mbele ya x aliinyakua. Alijua kuwa c hukaa peke yake, basi alipoiona 12 imekaa peke yake aliiandika. Hakujua kwamba kanuni ile haisemi lolote mpaka y isimame pweke upande wake wa mlinganyo. Hakujua kwa sababu hakuna aliyemwambia, kwa lugha anayoiwazia, kwamba m ni kipimo cha kitu fulani kinachoonekana kwa macho.

Naleta kisa hiki mbele ya wapenzi wa ushairi na lugha kwa makusudi. Najua wapo watakaosema kwamba hisabati ina wenyewe. Mimi nasema kuwa jambo lililomkwaza kijana huyu ni la istilahi kabla ya kuwa la hesabu, na istilahi ni shamba letu. Tukiliacha likaota magugu, tusije tukashangaa njaa ikibisha hodi.

Tumtazame mtoto wa Ihanja alivyo. Nyumbani, kwa bibi yake, anazungumza Kinyaturu. Katika shule ya msingi amesoma Hisabati kwa Kiswahili kwa miaka saba: kujumlisha, kutoa, sehemu, asilimia, mzingo na eneo. Akiingia kidato cha kwanza, somo lilelile linabadilisha vazi na kuvaa Kiingereza. Mambo ya mistari minyoofu na milinganyo yake humfikia katika lugha ya tatu, mwaka uleule anapoanza kuijifunza lugha hiyo kwa dhati. Si ajabu kwamba hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania. Sidai kwamba lugha ndiyo sababu pekee. Upungufu wa walimu upo, na wingi wa wanafunzi darasani upo. Ila sababu ya lugha ndiyo ambayo sisi, wa baraza hili, tuna uwezo wa kuishughulikia kwa kalamu zetu.

Basi nilifanya nini na mpwa wangu? Nililifunga daftari, nikamrudisha kwao. Nikamwambia: tuseme katika ghala la bibi yako mna mtama debe 30 siku mavuno yalipokwisha kuingizwa. Kila mwezi nyumba yenu hutumia debe 3. Nipe hesabu ya mwezi wa pili. Akasema 24. Ya mwezi wa sita? Akasema 12. Ghala litakuwa tupu lini? Akafikiri kidogo, akasema: mwezi wa kumi. Kisha akanyamaza, kwa kuwa kila mtoto wa Singida anajua kwamba mvua kule ni za msimu mmoja, na mavuno ni ya mara moja kwa mwaka. Mwezi wa kumi si wa kumi na mbili. Kati yake na mavuno mapya kuna miezi miwili ambayo sufuria haina cha kupika.

Pasipo kujua, kijana alikuwa amemaliza somo zima. Debe 30 za siku ya kwanza ni mahali mstari unapoukata mhimili wa wima, pale ambapo x ni sifuri, yaani hakuna mwezi uliopita. Mwezi wa kumi ni mahali mstari unapoukata mhimili wa mlalo, pale ambapo y ni sifuri, yaani hakuna mtama uliobaki. Na debe 3 zinazotoka kila mwezi ndizo zinazouinamisha mstari ule: hasi 3, kwa kuwa mtama unapungua. Ukiandika kwa alama, ni y = 30 − 3x, au ukipenda, 3x + y = 30. Haya mawili ni mlinganyo mmoja uliovaa kanzu mbili.

Nikamrudisha kwenye swali lake. “Hili nalo ni ghala,” nikamwambia. “Sema x ni sifuri.” Akaona mara moja kwamba 3y = 12, basi y ni 4. “Sasa ghala liwe tupu, y iwe sifuri.” Akapata 2x = 12, basi x ni 6. Mstari unaanzia urefu wa 4 na kuishia chini baada ya hatua 6. Umeshuka 4 kwa kwenda 6, kwa hiyo kipimo cha kuinama kwake ni hasi 4 kwa 6, yaani hasi theluthi mbili. Kisha akauhakiki kwa njia ya mwalimu: 3y = 12 − 2x, na y = 4 − ⅔x. Jibu likawa lilelile. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alipolifungua daftari.

Hapo ndipo aliponiuliza swali lililonifanya niandike makala haya: “Mjomba, kwa Kiswahili slopu inaitwaje?”

Neno ambalo wengi wetu hulikimbilia ni mteremko. Ni neno zuri, lina mdundo, na lina hadhi yake barabarani. Madereva wanaotoka Singida kwenda Nzega wanaujua mteremko wa Sekenke, pale nchi ya juu ya Iramba inapoanguka kuelekea tambarare ya Wembere. Lakini neno hilohilo lina kasoro mbili linapoingia katika hisabati.

Kasoro ya kwanza inaonekana haraka. Mteremko umetokana na kuteremka, na kuteremka ni kwenda chini. Sasa mwalimu atafanyaje na mstari unaopanda? Atauita mteremko chanya. Mtoto atasikia kwamba kuna kushuka kunakopanda, na kwamba mteremko ukizidi kuwa mkubwa ndivyo unavyozidi kwenda juu. Atakapofika kwenye mstari unaoshuka kweli ataambiwa kuwa huo ni mteremko hasi, yaani kushuka kulikokanushwa, ambako kwa akili ya kawaida ni kupanda. Istilahi inayompinga mtu anayeielewa lugha ni mbaya kuliko istilahi ngeni, maana ngeni angalau hainong’oni uongo. Tena vijana wa leo wakisema jambo fulani ni mteremko, wana maana kwamba ni la bure, halina jasho. Kijana wa kidato cha pili akiliona neno hilo juu ya ukurasa wake atadhani anadhihakiwa.

Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi, nami naiona ndiyo kubwa. Mteremko ni neno la msafiri. Pale Sekenke, anayetoka Singida anateremka, anayetoka Nzega anapanda, na barabara ni moja. Mteremko na mpando haviko katika barabara. Viko katika miguu na magurudumu ya anayepita. Lakini kipimo tunachokitafuta katika mlinganyo hakimtegemei msafiri. Rudi kwenye ghala. Chukua mwezi wa pili wenye debe 24 na mwezi wa sita wenye debe 12. Ukianza na wa pili ukaenda wa sita, tofauti ya debe ni hasi 12, tofauti ya miezi ni 4, na jibu ni hasi 3. Ukianza na wa sita ukarudi wa pili, tofauti ya debe ni 12, tofauti ya miezi ni hasi 4, na jibu ni hasi 3 vilevile. Mwendo umegeuzwa, kipimo hakikugeuka. Babu zetu wa pwani waliandika tenzi zao kwa hati ya Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Sisi tunaandika kutoka kushoto kwenda kulia. Tukiutazama mstari mmoja, wao wangeuona unapanda pale tunapouona unashuka, lakini tukikaa chini kuhesabu kwa mihimili ileile tungeandika nambari moja.

Kwa hiyo tunahitaji neno la kitu chenyewe, lisiwe la mpitaji. Mti ulioinama umeinama, uje kwake kutoka mashariki au magharibi. Paa lililoinama limeinama, hata kama hakuna paka anayepita juu yake. Ndiyo maana napendekeza tushike neno mwinamo. Mwinamo chanya, mwinamo hasi, mwinamo sifuri: haya yanasemeka bila kugombana na maana ya mzizi, kwa kuwa kuinama hakujataja upande.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi la haki. Mtu atasema: mti usioinama ni ule uliosimama wima, ilhali mstari wenye mwinamo sifuri ni ule uliolala. Je, hatujampotosha mtoto kwa njia nyingine? Jibu langu ni kwamba kila kitu huinama kutoka katika hali yake ya asili. Mti na nguzo huinama kutoka wima. Shamba, paa na meza huinama kutoka ulalo. Mkulima wa Ihanja akisema shamba lake halina mwinamo, hakuna anayedhani kwamba shamba limesimama kama ukuta. Mstari katika grafu ni kama ardhi tunayoikanyaga, hivyo asili yake ni kulala. Mwalimu akilisema hilo mara moja, siku ya kwanza, shaka itakuwa imekwisha.

Na kuhusu mstari uliosimama wima kabisa, mfano x = 4, hapo lugha yetu ina zawadi. Kiswahili kinatofautisha vizuri kati ya kuwa na sifuri na kutokuwapo. Mstari uliolala, y = 5, una mwinamo, na mwinamo huo ni sifuri. Mstari wa wima hauna mwinamo, kwa sababu tofauti ya x ni sifuri na hakuna awezaye kugawanya kwa sifuri. Wanafunzi wengi huvichanganya viwili hivi. Mwalimu wa Kiswahili angesema tu: mwinamo wa mlalo ni sifuri, mwinamo wa wima haupo. Ghala lililobaki na debe sifuri si sawa na nyumba isiyo na ghala.

Kwa wanaopenda hazina ya kale, tunayo maneno hanamu na mshazari, yote mawili yakitaja hali ya kuwa upande, isiyo wima wala mlalo. Fundi akikata ubao hanamu, tunaelewa kwamba hakuukata mraba. Maneno haya yafaa kuwekwa kwa ajili ya mstari wenyewe: mstari wa hanamu, mstari wa mshazari. Lakini kwa kipimo, yaani ile nambari inayotuambia umeinama kiasi gani, ni heri kubaki na nomino iliyotokana na kitenzi kinachojulikana na kila mtoto.

Sasa tuje kwa intasepti. Hapa hatari ni ya tafsiri ya pupa. Anayetafsiri kwa kamusi peke yake anaweza kukutana na maana ya kuzuia njiani, akatuletea kizuizi, kana kwamba mhimili ni askari aliyefunga barabara. Mstari hauzuiwi, unapita na kuendelea zake. Unachofanya ni kuukata mhimili mahali fulani. Mzizi unaotufaa ni kata. Mkato tumekwisha kuutumia kwa alama ya uandishi, na tena kwa njia fupi. Basi tuchukue kikato.

Washairi hawatalionea neno hili ugeni, kwa kuwa nyumba lilikozaliwa ndiko tulikozaliwa sisi. Kutua kumetupa kituo, kupima kumetupa kipimo, kuitikia kumetupa kiitikio, kubwagiza kumetupa kibwagizo. Kikato kinakaa kwenye jamvi hilohilo: mahali pa kukata, kama kituo kilivyo mahali pa kutua. Kikato cha y ni mahali mstari unapoukata mhimili wa y, na kikato cha x vivyo hivyo. Na mtoto aliyesikia hivyo hahitaji kukariri c. Akitaka kikato cha y atajua kwamba amesimama juu ya mhimili wa y, ambako x ni sifuri. Akitaka kikato cha x, amesimama juu ya mhimili wa x, ambako y ni sifuri. Jina limembebea njia ya kulijibu swali.

Ili nisionekane kwamba natoa mifano ya wakulima tu, nichukue mmoja wa kwetu. Utenzi wa kawaida una vipande vinne vya mizani nane, jumla mizani 32 kwa ubeti. Ukitunga beti x, mizani yote ni y = 32x. Mwinamo ni 32, na kikato cha y ni sifuri, maana kabla ya ubeti wa kwanza hapana lililosemwa. Shairi la mishororo minne ya mizani kumi na sita lina mizani 64 kwa ubeti, basi y = 64x; mstari wake unainama maradufu ya ule wa utenzi. Sasa tuseme mwimbaji ana desturi ya kuanza na kiitikio cha mshororo mmoja, mizani 16, kabla ya ubeti wa kwanza. Mlinganyo unakuwa y = 64x + 16. Mwinamo haukubadilika, kwa kuwa kila ubeti bado una mizani 64. Kilichobadilika ni kikato cha y: 16, kile kilichokwisha kusemwa kabla hatujaanza kuhesabu.

Je, kikato cha x cha wimbo huo ni kipi? Weka y iwe sifuri: 64x = −16, na x ni hasi robo. Ni jibu sahihi la hesabu, lakini hakuna mtu aliyewahi kutunga hasi robo ya ubeti. Hapo mwanafunzi anajifunza jambo ambalo wino mwekundu haulifundishi, kwamba si kila kikato kina maana katika maisha, na ni juu yake kupima. Katika ghala, kikato cha x kilikuwa ni siku ya njaa. Katika wimbo, ni nambari tupu. Mlinganyo hauwezi kumwambia tofauti hiyo. Ataipata kwa kuujua ulimwengu na kwa kuwa na lugha ya kuusemea.

Wapo watakaodhani kwamba nimeulazimisha ushairi kushika chaki. Historia iko upande wangu. Ibn al-Yasamin, mwanahisabati wa Maghribi aliyefariki mwaka 1204, aliiweka aljebra katika shairi ili wanafunzi waihifadhi. Bhaskara wa India aliandika Lilavati, kitabu cha hesabu cha karne ya 12, kwa beti. Omar Khayyam, ambaye wengi wetu tunamjua kwa rubai zake, alikuwa bingwa wa milinganyo kabla hajawa kipenzi cha wasomaji wa mashairi. Katika bahari yetu hii ya Hindi, nahodha Ahmad ibn Majid aliandika kwa nudhumu maarifa ya njia za kuelekea pwani ya Afrika Mashariki. Na neno majira, tunaloliona katika vitabu vya Hisabati pale nukta inapotajwa kwa majira yake, wazee waliokuwa wakisafiri majini walilitumia kwa njia ya chombo baharini. Lugha yetu imekwisha kupima mahali na mwelekeo tangu zamani. René Descartes alipochapisha jiometria yake mwaka 1637, akaunganisha mlinganyo na mstari, manahodha wa pwani hii walikuwa na majira yao.

Tusidhani pia kwamba kazi hii ni ya pwani peke yake. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 huko Dodoma, mkoa jirani na Singida, alikuwa mwana wa bara, Mgogo, na ndiye aliyeziinua ngonjera zikaingia mashuleni kufundisha siasa ya wakati ule. Kama ngonjera iliweza kubeba ujamaa na kujitegemea, inashindwaje kubeba mwinamo na kikato? Hebu wawili wasimame mbele ya darasa, mmoja akidai kwamba ghala litatosha, mwingine akimwonyesha mstari. Darasa zima litakuwa limejua kikato cha x kabla ya kengele kulia.

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote. Mzazi wa Ihanja ataniambia: mwanangu ataulizwa kwa Kiingereza katika mtihani, mwinamo wako utampatia alama ngapi? Siwezi kulipuuza swali hilo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia shule za sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na mtoto wa kidato cha kwanza bado anaanza na Kiingereza. Siandiki kumwahidi mzazi kwamba mtihani utabadilika kesho.

Namwambia hivi: mwanao atajibu kwa Kiingereza, lakini atafikiri kwa lugha anayoijua, atake asitake. Akiwa na neno la Kiswahili lililo wazi, lile la Kiingereza litapata mahali pa kutua. Akikosa, litaelea. Mpwa wangu alikuwa na slopu kwa mwaka mzima na haikumsaidia kitu. Alipopata mwinamo, slopu yenyewe ikapata maana. Hajaipoteza lugha ya mtihani. Amepata daraja la kuifikia.

Basi naomba nini kwa ndugu zangu wa baraza hili? Kwanza, tuyajadili maneno haya mawili kwa ukali tunaoutumia kujadili vina na urari. Aliye na neno bora kuliko mwinamo alilete, nasi tulipime: je, linakubali chanya na hasi bila kujipinga, na linakitaja kitu chenyewe au mpitaji? Baraza la Kiswahili la Taifa lina jukumu lake la kusanifu istilahi tangu lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, lakini neno lisilotumiwa na watu hubaki faharasani kama nguo ya sandukuni. Sisi ndio wa kulivaa. Pili, tutunge. Si lazima ziwe kazi za kutunzwa. Ziwe za kushikika. Mimi naanza na ubeti huu mmoja, nao usomwe kama mbegu ya mtu aliyekuwa na haraka ya kuipanda kabla ya mvua:

Debe thelathini ndani, kila mwezi toa tatu,
Hesabu yake nyumbani, ni uhai wa wanetu,
Mstari wafika chini, kumi ikitimu kwetu,
Nusu hiyo okoeni, chakula kitoshe watu.

Nusu ninayoitaja aliipata mpwa wangu mwenyewe, jioni, baada ya daftari kufungwa. Tulikuwa tumekwisha kuhamia kwenye mazungumzo mengine alipogeuka ghafla akasema, “Mjomba, wangetumia debe mbili na nusu tu kwa mwezi, wangefika mavuno.” Nilihesabu kichwani: 30 kwa 2.5 ni 12. Alikuwa amekihamisha kikato cha x kutoka mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili kwa kuupunguza mwinamo, na hakuna aliyempa swali hilo. Kisha akaniuliza kama anaweza kumpigia bibi yake simu.